Shukrani kwa Punda

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Wanaosema hivyo hawakumjua mama mkwe wangu. Kwetu aliyeshukuru alikuwa mtu, na aliyeumia kwa shukrani hiyo alikuwa punda.

Naitwa Adela, mke wa Flavian, na nyumba yetu iko nje kidogo ya Mwazye. Mdomo wangu hauna breki. Nasema mapema ili usije ukanishangaa huko mbele. Mwaka huo wa 1993 tulikuwa na punda, wa kwanza kuonekana katika kitongoji chetu, na jina lake lilikuwa Ruksa. Siku hizo kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kumuuzia mahindi mwenye lori yeyote, ruksa kufungua duka, ruksa kwenda kanisani na koti la mtumba lenye jina la mtu mwingine kifuani. Punda naye alijiona ameruhusiwa. Aliingia shamba la jirani taratibu, hana haraka wala aibu, akala, akatoka. Flavian ndiye aliyempa hilo jina, na likamkaa.

Tulimpata kwa Ndalahwa, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka michache kabla, akajenga ng'ambo ya mto. Tulimpa ndama dume, yeye akatupa punda. Wenzetu walicheka. Sisi Wafipa wa huku tunalima kwa ng'ombe, na punda tulizoea kumwona kwenye picha ya Jumapili ya Matawi. Lakini sikumtaka kwa ajili ya kubeba magunia. Nilimtaka kwa ajili ya mama mkwe.

Mama Emerensiana alikuwa na magoti mabovu. Ndani ya ua alitembea kwa fimbo, akishika ukuta, akishika mlango, akinishika na mimi. Nje ya ua hakuwa ametoka kwa miaka minne. Kutoka kwetu hadi kanisani ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye miguu mizima, na kwake ulikuwa mwendo usiowezekana. Padri alimletea komunyo mara mojamoja, lakini Mama alitaka na watu. Alitaka kukaa kwenye benchi la wanawake, aone nani amekuja na nani hakuja, aimbe kwa sauti ile yake inayoitangulia kwaya. Mwanamke aliyezaa watoto tisa na kusuluhisha ugomvi wa kijiji kizima alikuwa amebaki anagombana na kuku.

Ruksa akamtoa. Tulimtandika gunia lililokunjwa na blanketi juu yake, Flavian akambeba mama yake na kumketisha upande, na mimi nikashika kamba. Jumapili ya kwanza watoto walitufuata wakiimba Hosana mpaka mlangoni mwa kanisa. Mama hakukasirika. Aliwapungia mkono. Tangu siku hiyo hakukosa misa hata moja kwa mwaka mzima na zaidi, na kila tuliporudi nyumbani alimshika punda shingo, akamwambia kwa Kifipa maneno mengi ya asante ambayo mimi, mkwe wake, nilikuwa bado nayasubiri.

Basi ikaja Pasaka ya mwaka huo wa 1993. Nilipika pombe nyingi ya ulezi, maana ilikuwa zamu yetu kuwakaribisha wanajumuiya. Jumatatu ya Pasaka nikamkuta Ruksa amesimama nyuma ya nyumba kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Miguu ya mbele ameinyoosha mbele, mwili wote ameuegemeza nyuma, kama mtu anayekataa kuvutwa. Nikavuta kamba. Hakusogea. Nikamsukuma, akapiga hatua moja, akatetemeka, akasimama tena. Jioni akalala chini na hakutaka kuinuka.

Jumapili iliyofuata mama mkwe alivaa kitenge chake cha kanisani, akakaa kwenye kigoda akisubiri. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia avue. Alikaa nacho mpaka tukasikia kengele ya misa ikilia, na hapo akakivua mwenyewe.

Zamani tungemwita bwana mifugo, angekuja kwa baiskeli ya serikali na sanduku lake la dawa. Bwana mifugo wetu, Eustace, alikuwa amepunguzwa kazi pamoja na wengine wengi. Alichofanya ni kufungua duka la dawa za mifugo pale sokoni, kwa hiyo dawa zilikuwa nyingi kuliko zamani, ila sasa zilikuwa zake. Alikuja. Ni mtu mwema, simsemi vibaya. Aliinama, akatazama matope yaliyojaa uani, akatikisa kichwa.

"Kwato zinaoza," akasema. "Masika hii imeozesha kwato za ng'ombe nusu ya kata. Tope ndiyo adui. Leta beseni."

Akatoa mrututu, yale mawe ya bluu, akayasaga na kuyakoroga kwenye maji. Tukamwinua Ruksa kwa nguvu za wanaume wanne, tukamtia miguu ya mbele ndani ya beseni. Alisimama kwa muda wa Salamu Maria moja. Kisha akalirusha beseni, na shati jeupe la Flavian likawa la bluu mpaka leo. Tulirudia siku tano. Eustace akaongeza na sindano. Punda akazidi.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Mrututu umeshindwa, sindano imeshindwa, basi nikaamua kwamba kosa ni la aliyetupa punda. Jumapili, watu wakitoka misa, nilimwona Ndalahwa amesimama barabarani na ng'ombe wake wanavuka. Nikampigia kelele mbele ya parokia nzima.

"Wewe Ndalahwa! Ulitupa punda mbovu ukachukua ndama mzima! Mmekuja na ng'ombe wenu wakala mashamba yetu, sasa mnatuletea na mizoga inayotembea!"

Nilisema "mmekuja". Nilisema "mizoga". Watu wengine walicheka, wengine walitazama chini. Ndalahwa ni mrefu, mpole, hasemi hovyo. Alisubiri ng'ombe wa mwisho avuke.

"Pole kwa mgonjwa, mama," akanijibu. "Kesho nitamtuma mke wangu amwangalie. Punda anawajua yeye."

Kesho yake Sayi akaja. Alikulia Meatu, kule Usukumani, kwenye boma la baba yake lenye punda kumi na watatu, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko ya Flavian. Akamwamkia mama mkwe shikamoo kwa kupiga goti, akanisalimia mimi kwa kifupi, na nilijua kwa nini. Halafu akamwendea punda bila kuuliza kitu. Akampapasa bega, akashuka na mguu mpaka chini, akaishika kwato kwa kiganja. Akahamia ya pili. Akainua mguu mmoja, akakwangua tope kwa kijiti, akapeleka pua yake karibu kabisa na unyayo.

"Njoo unuse, dada," akaniambia.

Nikanusa. Nilisikia tope tu.

"Kwato iliyooza inanuka mpaka unatapika. Hii hainuki. Sasa weka mkono hapa."

Nikaweka. Kwato ilikuwa ya moto, kama sufuria iliyotoka jikoni muda si mrefu. Akanionyesha mikunjo iliyoizunguka, pete juu ya pete. Akanionyesha na shingo, ule mnofu wa juu uliokuwa mgumu na kulalia upande mmoja. Sisi tulikuwa tukiusifia, tukisema punda wetu amenawiri.

"Mmemtibu kama ng'ombe," Sayi akasema. "Ng'ombe kwato zake zimegawanyika, tope linaingia katikati, zinaoza. Punda ana kwato moja nzima. Tope linaweza kuziozesha na hizo, ndiyo, usiposafisha. Lakini huyu hakuumwa kutoka chini. Ameumwa kutoka tumboni, ugonjwa ukateremkia miguuni. Anakula nini?"

"Majani tu," nikamjibu kwa ukali. "Kama punda wote."

Sayi akacheka. "Shingo hii ni ya majani? Punda ni mnyama wa nchi kame, dada. Tumbo lake limezoea shida. Ukimpa nafaka nyingi damu inachemka, na joto lote linashuka kwenye kwato. Nimeona baba yangu akipoteza watatu waliovamia ghala la mtama. Mtu anampa nafaka huyu. Ni nani?"

Nikageuka kumwuliza mama mkwe kama amewahi kumwona mtoto yeyote akimlisha. Alikuwa kwenye kigoda chake, kando ya mitungi ya pombe. Hakunitazama. Alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe, na vidole vyake vinasokota ncha ya kitenge, vinaisokota na kuikunjua.

Nikajua yote kwa mara moja. Kigoda chake kilikuwa karibu na machicha ya pombe. Kapu la kimea, ule ulezi tuliouotesha na kuukausha, lilikuwa linapungua na mimi nikilaumu panya. Kumbe kila jioni, mimi nikiwa kisimani, alikuwa anamwita punda na kumlisha kwa mkono. Kwetu aliyekubebea mzigo humwachi aende mikono mitupu. Unampa kibuyu cha kwanza kabla wewe hujakaa. Punda alikuwa amembeba yeye mwenyewe. Angempa nini kilicho kidogo kuliko kimea? Na wiki ya Pasaka mitungi ilikuwa sita.

"Ni nani?" Sayi akauliza tena.

"Ni mimi," nikasema.

Usidhani nilisema hivyo kwa wema. Mkwe anayemvua nguo mama wa mume wake mbele ya mgeni hana pa kuiweka sura yake katika nchi hii. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Sababu ya pili nilikuja kuijua baadaye usiku, nikiwa nimelala: nilimwona alivyokuwa mdogo pale kwenye kigoda, nikamhurumia. Nilimpenda yule mama. Sikuwa nimelijua hilo.

Sayi alinichamba vizuri. Alinichamba kwa Kiswahili, Kiswahili kikamwishia akaendelea kwa Kisukuma. Majirani walikuja kusikiliza juu ya ua, Coleta akiwa wa kwanza. Ilikuwa haki yangu, ukikumbuka niliyomwambia mume wake. Alipomaliza akapangusa mikono, akatoa maagizo.

Kimea basi, machicha basi, pumba basi. Majani makavu na mabua tu, na hata hayo si ya kujaza. Asubuhi na jioni asimame mtoni, maji yafike juu ya kwato, mpaka joto lishuke. Mahali pa kulala pawe pakavu, tumwage mchanga mwingi laini. Joto likiisha, yeye mwenyewe atakuja kila mwezi na kisu na tupa, azipunguze kwato kidogokidogo, maana zimeanza kuota vibaya na ukizikata zote siku moja unamuua. Kila jioni tuzikwangue chini kwa kijiti, hata atakapopona, mpaka siku atakapokufa kwa uzee.

"Na mgongo wake?" Flavian akauliza. "Mama yangu anamtegemea Jumapili."

"Mgongo wake hauguswi mpaka mwakani," Sayi akasema. "Na huenda usiguswe tena kabisa. Tutaona."

Mama mkwe akainuka kwa fimbo yake, akaingia ndani. Alifunga mlango mchana kweupe.

Jumapili iliyofuata nikasimama palepale barabarani, watu walewale wakitoka misa, nikamwomba Ndalahwa msamaha kwa sauti ileile niliyomtukania. Nikasema punda alikuwa mzima, niliyemharibu ni mimi. Ndalahwa akasema, "Yameisha, mama," na kwake yakaisha kweli. Kwa wengine ndiyo kwanza yalianza. Coleta akanibatiza Mama Machicha, na jina lile likapita nyumba hadi nyumba, likafika mashineni, likafika sokoni. Eustace alijitahidi asilitumie, lakini na yeye midomo ilimcheza. Mke wa Flavian amemlewesha punda mpaka akavimba miguu! Kijiji kilifurahi sana mwaka huo kwa gharama yangu.

Na mama mkwe hakusema kitu. Alisikia jina langu jipya, maana Coleta aliliita akiwa mlangoni kwetu. Alisikia, akanyamaza. Sitakuficha, nilikasirika. Wiki ya kwanza nilisema moyoni atasema kesho. Wiki ya nne nikaacha kusubiri. Nilimpelekea ugali wake kwa adabu zote na nikauweka chini kwa kishindo kidogo.

Mtoni tulienda mimi na Flavian kwa zamu. Siku za kwanza ilikuwa kazi ya kumwinua, kumsukuma, kumbembeleza hatua hamsini kuteremka. Akishaingia majini alitulia. Ungeona macho yake yanalegea. Mei ikafika, baridi ikaingia, ile baridi yetu ya Ufipa inayokata masikio, na mimi niko mtoni alfajiri na mnyama asiyejua kwamba ametuharibia sifa. Mwisho wa Mei kwato zilikuwa za baridi. Sayi akaja na kisu na tupa, akapunguza ncha ile ngumu ya mbele kidogo, akaisawazisha, akasema safari hii anaweza kutembea polepole, bila mzigo, kidogo kila siku, kwenye ardhi laini.

"Nani atamtembeza?" Flavian akauliza. Ilikuwa ni wakati wa kuvuna, kila mtu mikono imejaa.

"Mimi," akasema mama mkwe.

Tulicheka. Hakucheka. Akaenda akaweka mkono wa kushoto juu ya mgongo wa Ruksa, wa kulia kwenye fimbo, wakazunguka ua mara moja. Walipomaliza wote wawili walikuwa wanahema. Kesho yake mara mbili. Kuna siku alirudi analia kwa maumivu, akapaka mafuta magoti, na kesho akaenda tena. Punda alichechemea na yeye akachechemea, wakawa hawachokozani kwa mwendo. Mwisho wa Juni walifika kisimani. Ruksa alizoea kumsukuma kwa pua akitafuta kimea, na Mama alimsukumia kichwa pembeni, mikono yake mitupu. Nilimwona akifuta macho. Niliona, lakini hasira yangu ilikuwa bado inakaa palepale.

Jumapili moja ya Julai aliamka kabla ya jogoo, akavaa kitenge cha kanisani.

"Twende," akaniambia.

"Mama, hapandwi."

"Nani amesema napanda?"

Tukaondoka gizagiza, yeye upande huu wa punda na mimi upande ule. Tulipumzika kwenye kila jiwe. Njiani watu wote walitupita, wakatusalimia, wakaenda. Tukasikia kengele ya kwanza, tukasikia ya pili. Tukasikia kwaya kwa mbali, na Mama akaimba nao hukohuko barabarani, pumzi ikimkatika katikati ya mstari. Nilimwambia turudi. Akasema hajaniuliza. Basi tukaendelea, na tulipofika kona ya mwisho, kanisa likionekana kabisa, misa ilikuwa imekwisha na watu wanamiminika kutuelekea.

Coleta alikuwa mbele, kama kawaida.

"Mama Machicha!" akaita. "Umemleta mlevi wako aungame?"

Wakacheka. Nilishachoka kukasirika kwa ajili ya jina lile, nikacheka nao kidogo, kicheko cha kupitisha.

Mama mkwe akasimama. Akauondoa mkono wake mgongoni kwa punda, akasimama kwa fimbo peke yake. Magoti yalimtetemeka na niliyaona kupitia kitenge. Nikataka kwenda kumshika, akaninyooshea kidole nibaki nilipo.

"Coleta, nyamaza," akasema, na ilikuwa ile sauti yake inayotangulia kwaya. "Nyamazeni wote. Machicha nilimpa mimi. Na kimea cha nyumba ya mwanangu nilikiiba mimi, kila siku, nikampa kwa mkono huu. Huyu hajawahi kumpa hata punje. Alijua ni mimi. Alijua siku ileile, na akasema ni yeye."

Mtoto mmoja aliuliza kitu, mama yake akamfunika mdomo.

"Nilitaka kuyasema kanisani," Mama akaendelea, sasa kwa upole, akinitazama mimi. "Mwezi mzima na zaidi nafanya mazoezi ya miguu nije niyaseme mlemle ndani, mbele ya wote, kwa sababu wewe ulisimama mbele ya wote. Nimechelewa. Miguu yenyewe ndiyo hii."

Nikazunguka punda, nikampa bega langu, na akaliegemea kwa uzito wake wote.